Msimamizi Anapoanguka

Yeyote aliyetumia Linux kwa miaka mingi huitambua ajali hii kabla hajaitafutia jina. Kazi inaendelea vizuri, madirisha manne au matano yamefunguliwa kwenye kioo, halafu kwa ghafla kingo zao zinatoweka. Ukanda wa juu wenye jina la dirisha haupo tena, wala vile vitufe vya kulifunga na kulificha. Lililokuwa nyuma haliwezi kuletwa mbele, na lililokuwa mbele halisogei hata ulivute namna gani. Madirisha uliyoyaficha tangu asubuhi yanaibuka yote kwa pamoja. Ukifungua programu mpya, dirisha lake linajibandika kwenye pembe ya juu ya kushoto, juu ya mengine, kama mgeni asiyeonyeshwa kiti. Lakini barua uliyokuwa ukiiandika ipo. Saa inatembea. Faili lililokuwa likipakuliwa linaendelea kupakuliwa. Kilichokufa ni kitu kimoja tu, nacho ni msimamizi wa madirisha.

Kwa wengi huu ni usumbufu wa dakika tano. Mimi jambo hili limenivuta kwa sababu nyingine. Ajali nyingi za kompyuta hazichagui: programu ikianguka, huanguka na kila ilichokibeba. Hii ilichagua, na haikuchagua kwa bahati. Watu wanaojulikana, katika mwaka unaojulikana, walikaa wakafikiri itakuwaje siku msimamizi atakapokufa, wakaliandika jibu lao ndani ya mfumo wenyewe. Jibu hilo lilidumu karibu miaka thelathini likiwa kanuni ya kawaida, kisha likaanza kuachwa, na sasa wapo wanaolitafuta upya kwa njia ya taabu zaidi.

Chanzo kiko katika chuo cha MIT, jimbo la Massachusetts. Mwaka 1983 chuo hicho kilianzisha mradi ulioitwa Athena, kwa msaada wa kampuni za Digital na IBM, ili wanafunzi wapate kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao. Mashine za kampuni mbili zisizofanana zilitakiwa kuonyesha programu zilezile. Jim Gettys alikuwa mtumishi wa Digital aliyepelekwa kwenye mradi huo. Bob Scheifler alikuwa katika maabara ya sayansi ya kompyuta ya hapohapo chuoni, naye alihitaji madirisha kwa ajili ya utafiti wake mwenyewe. Tayari ulikuwapo mfumo wa madirisha kutoka Stanford ulioitwa W, kazi ya Paul Asente na Brian Reid. Scheifler aliuchukua, akaufanyia badiliko moja kubwa, na Juni 1984 akawatangazia wenzake kwamba kilichotokana nao anakiita X, herufi inayofuata.

Badiliko lenyewe lilikuwa hili. Katika W, programu iliyotaka kuchora mstari ilituma ombi kwa seva, yaani ile programu inayomiliki kioo, kibodi na kipanya, kisha ikasubiri kujibiwa ndipo iendelee. Katika X haisubiri. Ni tofauti ya mtu anayesimama kwenye dirisha la posta mpaka ajibiwe, na mtu anayetumbukiza barua zake kumi kwenye sanduku akaenda zake. Huyu wa pili humaliza shughuli nyingi zaidi kwa siku, hasa kama posta iko mbali, na katika Athena posta ilikuwa mbali kweli: programu iliweza kutembea kwenye mashine moja na kuonekana kwenye kioo cha mashine nyingine. Ila asiyesubiri huchelewa kupata habari ya kosa. Barua ya tatu ikiwa na kasoro, ataambiwa baada ya kuandika ya kumi. Tutalikuta jambo hili tena mbele, maana limewaua wasimamizi wengi.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa namna ya utawala. Katika Macintosh, iliyotoka mwaka huohuo wa 1984, kuyapanga madirisha kulikuwa sehemu ya mfumo wenyewe, na kila mtumiaji alipata mpango mmoja uliokwisha kuamuliwa na kampuni. Watu wa X hawakutaka kuamua. Walisema kazi yao ni kutoa nyenzo, si kutoa kanuni za matumizi. Kwa hiyo msimamizi wa madirisha akawekwa nje ya seva. Akawa programu ya kawaida kama saa au kikokotoo, isipokuwa kwa ruhusa moja: angeweza kuomba kuarifiwa kila dirisha linapotaka kufunguka, kusogea au kubadili ukubwa, na ombi hilo lingepitia kwake kwanza.

Kwa msomaji wa Tanzania mfano ulio karibu ni mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe ana kauli. Mgeni akija mtaani hupita kwake, ugomvi wa mpaka hufika kwake. Lakini hati ya nyumba hana, na akihama, nyumba hazibomoki. Tena wajumbe wawili hawawezi kuwa na nyumba kumi zilezile: seva ya X hutoa ruhusa ile kwa programu moja tu kwa wakati mmoja, na ya pili ikiiomba hukataliwa. Ndiyo sababu jambo la kwanza kwa anayetafuta chanzo cha tatizo ni kujua kama msimamizi amekufa au amekwama tu. Aliyekwama bado anashikilia kiti. Ukimwanzisha mwingine, atakujibu kwamba yupo mwenzake na kujiondokea, labda umwamuru kwa neno la kumpindua aliyepo, ambalo wasimamizi wengi walikuja kulikubali.

Wasimamizi wa mwanzo walikuwa na mambo machache. Ule ulioitwa uwm, kazi ya Michael Gancarz wa Digital, haukuwa hata na ukanda wa jina juu ya dirisha. Ulibonyeza kitufe cha kipanya, orodha ikatokea, basi. Hatari ilikuja na urembo. Mwaka 1987 Tom LaStrange alianza kuandika msimamizi wake, twm, ambaye kila dirisha alilivika fremu yenye ukanda wa jina. Ili fremu na dirisha viende pamoja, ilibidi dirisha lihamishwe na kuwa mtoto wa fremu. Na hapo ndipo penye mtego. Fremu ni mali ya msimamizi. Katika X programu ikifa, seva hufuta mali yake yote, na dirisha mzazi likifutwa watoto wake hufutwa pia, hata kama watoto hao ni wa programu nyingine kabisa. Maana yake ni kwamba msimamizi mwenye fremu, akianguka, angezika madirisha yote ya watu.

Wakati huo huo X ilikuwa ikiandikwa upya kuwa toleo la 11, lililotoka Septemba 1987, na dawa ilikuwa tayari ndani yake. Inaitwa orodha ya kuokolewa. Msimamizi, anapolivika dirisha fremu, huiambia seva: hili liandike kwenye orodha yangu. Siku muunganisho wake unapokatika, kwa heri au kwa shari, seva kabla ya kufuta chochote hupitia orodha ile, hulichomoa kila dirisha kutoka kwenye fremu, hulirudisha kwenye uwanja wa kioo mahali pake, na kama lilikuwa limefichwa hulifunua. Kisha ndipo inazifuta fremu. Yale madirisha yaliyofichwa tangu asubuhi kuibuka kwa pamoja si vurugu. Ni seva inayotekeleza wosia.

Mimi huona hii ni mojawapo ya adabu bora zilizowahi kuandikwa katika programu, na naona ni ajabu kwamba hatajwi mtu kwa ajili yake. Haikuuza mashine hata moja. Hakuna tangazo lililosema: nunua hii, msimamizi wake hufa vizuri. Hata David Rosenthal alipoandika kanuni za namna programu na msimamizi watakavyoishi pamoja, zilizotolewa katika toleo lake la kwanza Julai 1989, sehemu kubwa ya maandishi ilihusu nani amjibu nani wakati wote wakiwa hai. Suala la kifo lilikwisha kupata jibu.

Basi kwa nini walianguka sana? Jibu liko katika zile barua zisizosubiriwa. Msimamizi hushughulika na mali ya watu wengine kutwa nzima. Mtu anafunga dirisha la ujumbe mfupi, seva inalifuta, lakini sekunde ndogo kabla ya habari hiyo kumfikia, msimamizi amekwisha tuma ombi la kulisogeza dirisha lilelile. Ombi linafika kwa marehemu. Seva inarudisha taarifa ya kosa iitwayo BadWindow, yaani dirisha hilo halipo. Sasa, maktaba ya Xlib, iliyotumiwa na karibu kila programu ya X, ilikuwa na tabia yake: mwandishi wa programu asipoagiza vingine, kosa la namna hii huandikwa kwenye kumbukumbu na programu hukatishwa papo hapo. Kwa saa au kikokotoo hilo si neno, kwa kuwa hugusa madirisha yake tu. Kwa msimamizi ni kifo cha kila wiki. Kwa hiyo kila aliyeandika msimamizi alijifunza kutega mtego wa makosa kuzunguka kila mahali alipogusa dirisha la mwingine, na palipokosa mtego ndipo alipoangukia.

Ugumu ulikuwa kupajua mahali hapo. Taarifa ya kosa ilifika msimamizi akiwa ameshatuma maombi mengi mbele, hivyo ukiitazama programu wakati wa kufa kwake, unaona mkono ukiwa kwenye kazi isiyohusika kabisa. Njia iliyotumika ni kumwanzisha msimamizi kwa neno la ziada, mara nyingi likiandikwa --sync, ambalo humlazimisha kusubiri jibu la kila ombi kabla ya kutuma jingine. Kila nikitumia neno hilo hufikiri juu ya W. Ili kulipata kosa la X, unaigeuza X kwa muda kuwa ule mfumo wa Stanford uliotangulia, pamoja na uzito wake wote. Na kuna kejeli ndani yake: kosa la namna hii huzaliwa na mbio za wawili, na ukiwapunguzia mwendo, pengine wasipishane vibaya tena, kosa likajificha kwa kuwa tu unalitafuta.

Linux ilipotolewa na Linus Torvalds mwaka 1991, na X ikahamishiwa juu yake mwaka uliofuata kupitia kazi ya XFree86, urithi huu wote ulishuka kwenye kompyuta za nyumbani zenye kumbukumbu ya megabaiti 4 au 8. Huko twm alionekana mlafi. Robert Nation, aliyekuwa akichambua alama za sauti kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, alichukua maandishi ya twm mwaka 1993 akayapunguza uzito, akaongeza meza nyingi za kazi katika kioo kimoja, na kukiita chake fvwm. Herufi F ilisimama badala ya kitu ambacho mwenyewe alikuja kusema hakikumbuki. Kwa miaka kadhaa huyo ndiye msimamizi ambaye watu wengi wa Linux walimkuta mezani.

Na hapo nyumbani hekima ya 1987 ilikutana na faili dogo liitwalo .xinitrc. Anayeanzisha X kwa mkono huorodhesha ndani yake programu za kufunguliwa. Zote huachwa zitembee zenyewe, isipokuwa ya mstari wa mwisho, ambayo husubiriwa. Hiyo ikimalizika, X nzima hufungwa. Desturi ilikuwa kumweka msimamizi kwenye mstari huo wa mwisho, kwa kuwa ni rahisi: ukimwaga msimamizi, umeaga kikao. Lakini maana yake nyingine ni kwamba msimamizi akianguka, seva huokoa madirisha yote kwa uaminifu, na dakika hiyohiyo faili lile linaizima seva yenyewe. Waliojua waliweka mwishoni dirisha la amri. Hao waliweza kupoteza wasimamizi kumi kwa siku moja bila kupoteza herufi. Ukiletewa kompyuta ambayo "inajifunga yenyewe" ukikuta bado inatumia njia hii, tazama mstari huo kabla ya kutazama kitu kingine.

Kuokoa kazi kulikuwa na utaratibu wake, na haukuwa mgumu. Kama lipo dirisha la amri linaloonekana, unasogeza kipanya juu yake, unaandika jina la msimamizi, unabonyeza, na fremu zinarudi kama nguo zilizoanuliwa. Kama halipo, unabonyeza Ctrl, Alt na F1 kwa pamoja, kioo kinageuka kuwa cheusi chenye maandishi matupu, unaingia kwa jina lako, unaiambia mashine kwamba unataka kioo nambari sifuri, na kumwanzisha msimamizi kutoka huko. Kisha unarudi. Kilichowaponza watu ni Ctrl, Alt na kitufe cha kufuta nyuma, ambacho kiliua seva yenyewe pamoja na kila kilichomo; watengenezaji wa X.Org walikifunga kwa kawaida mwaka 2009. Nimewahi kumtazama mwanafunzi akiizima kompyuta kwa swichi ya ukutani. Nilikuwa nikivuka chumba kumzuia. Kwenye kioo chake, bila fremu, zilikuwapo kurasa za tasnifu ambazo hakuwa amezihifadhi tangu chakula cha mchana, nzima, zikisubiri tu mtu wa kuzipanga.

Kumchunguza msimamizi akiwa hai kulikuwa na hatari yake. Ili kujua kwa nini anaanguka, unamwendesha ndani ya gdb, programu inayoweza kuisimamisha nyingine na kuitazama ndani. Ila ukifanya hivyo kutoka katika dirisha analolisimamia yeye, unakata tawi ulilolikalia. Msimamizi, anapochora mstari wa kuonyesha dirisha linaposogea, huwa anaishika seva nzima ili mwingine asichore katikati. Ukimsimamisha hapo, kioo chote kinaganda, pamoja na dirisha ambalo ungeandikia amri ya kumwachia. Ndiyo maana kazi hii ilifanywa kutoka mashine nyingine kwa njia ya mtandao, au ndani ya Xnest na baadaye Xephyr, ambazo ni seva nzima ya X inayoonekana ndani ya dirisha moja.

Kuanzia Oktoba 1996, Matthias Ettrich alipotoa wito wa kuanzisha KDE, na Agosti 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena walipoanzisha GNOME, msimamizi aliacha kuwa peke yake mezani. Alizungukwa na vibao, ikoni na mlinzi wa kikao ambaye kazi yake mojawapo ilikuwa kumwinua tena kila alipoanguka. Mlinzi huyo aliwafanya watu wengi wasijue kabisa kwamba msimamizi wao ameanguka. Walichoona ni kioo kupepesa. GNOME ya kwanza, ya Machi 1999, mara nyingi ilikwenda na Enlightenment wa Carsten Haitzler, msimamizi wa mapambo mengi. Kisha akaja Sawfish wa John Harper, kisha Metacity wa Havoc Pennington, ambaye alimfananisha wake na nafaka ya asubuhi isiyo na sukari, chakula cha watu wazima. Ninamheshimu kwa hilo. Maandishi ya Metacity yamejaa mitego ya makosa kila upande, nayo yanasomeka kama daftari la mtu aliyewazika wengi.

Mambo yaligeuka kwa sababu ya vivuli na uangavu. Mwaka 2004 X.Org ilipokea nyongeza za Keith Packard na wenzake zilizowezesha kila dirisha lichorwe pembeni kwanza, kisha programu moja iyakusanye yote kuwa picha moja ya kuonyeshwa. Mkusanyaji huyo, kwa busara, akawa msimamizi wa madirisha mwenyewe. Mwaka 2006 David Reveman wa Novell alitoa Compiz, na meza ikaanza kuzunguka kama mchemraba. Compiz ilileta ugonjwa wa kufanana na ule wa zamani lakini wenye sababu tofauti: kingo za madirisha zilichorwa na programu ya pembeni, na hiyo ikifa peke yake, fremu zilitoweka ingawa msimamizi alikuwa hai na madirisha bado yalitikisika kama mkocho. Watu wengi walihangaika kumwanzisha upya msimamizi mzima pale ambapo kuanzisha mchoraji wa kingo kulitosha.

Kutoka hapo hatua iliyofuata ilionekana kuwa ya akili. Kama msimamizi ndiye anayeikusanya picha nzima, seva ya X katikati inabaki kuwa tarishi anayepokea kwa mkono mmoja na kutoa kwa mwingine. Mwaka 2008 Kristian Høgsberg, akiwa Red Hat, alianza Wayland, aliyoipa jina la mji mmoja wa Massachusetts, magharibi ya Boston, si mbali na MIT ambako X ilizaliwa. Katika Wayland tarishi hayupo. Msimamizi, mkusanyaji picha na seva ni programu moja. Faida zake ni za kweli: picha haikatiki katikati, na programu moja haiwezi kusoma unachoandika katika nyingine, jambo ambalo X iliruhusu kwa miaka yote bila aibu.

Gharama yake ni kwamba mjumbe sasa ndiye mwenye nyumba. Akianguka, kila muunganisho unakatika, na programu za siku zote, zikikuta seva yao haipo, hujifunga. Hapakuwa na orodha ya kuokolewa, kwa kuwa hapakuwa na aliyebaki hai kuishika. Na mzigo wa msimamizi ulikuwa umeongezeka. GNOME 3 ya Aprili 2011 iliweka vibao, orodha na nyongeza zilizoandikwa na watu wa kila namna ndani ya programu ileile inayopanga madirisha. Juu ya X, nyongeza mbovu ikiikwamisha, ulibonyeza Alt na F2, ukaandika herufi r, ikajianzisha upya na kazi ikabaki. Juu ya Wayland herufi hiyo haifanyi kazi.

Katika historia hii yote, tamko ninalolipenda ni la Januari 2018. Ubuntu ilikuwa imefanya Wayland kuwa chaguo la kawaida katika toleo la 17.10 la Oktoba 2017. Will Cooke, kiongozi wa kikundi cha meza ya kazi, alitangaza kwamba toleo la 18.04, ambalo lingetegemewa kwa miaka, litarudi kwenye X, na akatoa sababu tatu. Mbili zilihusu kushirikiana kioo na kufanya kazi kutoka mbali. Ya tatu ilikuwa hii: juu ya X, ganda la GNOME likianguka, mtu hapotezi kazi yake. Miaka 31 baada ya orodha ya kuokolewa kuandikwa, mtu alisimama akaitaja kuwa ni sababu ya kuchagua. Wayland ilirudi kuwa kawaida ya Ubuntu Aprili 2021, na katika toleo la 25.10 la Oktoba 2025 kikao cha GNOME juu ya X kiliondolewa. Siwalaumu. Kuilinda milango miwili kunachosha, na X imezeeka kweli.

Anayechunguza ajali ya leo ana vifaa ambavyo wa 1993 hakuviota. Kumbukumbu ya mfumo husomwa kwa journalctl, maiti za programu huhifadhiwa na kupangwa na coredumpctl, na GNOME yenyewe, ikishindwa kuanza, inaweza kuzima nyongeza zote ili ijaribu tena. Kazi ya kawaida ni kuzima nyongeza, kujaribu akaunti mpya isiyo na mipangilio, na kutazama kiendeshi cha kadi ya picha. Sababu hupatikana upesi zaidi kuliko zamani. Lakini hupatikana baada ya mazishi.

KDE walikataa kukubali hilo. Katika Plasma 6, iliyotoka tarehe 28 Februari 2024, programu ndogo isiyo na kazi nyingine inaushikilia mlango wa mawasiliano. Msimamizi akianguka, mlango haufungwi. Anainuliwa mwingine nyuma yake, na programu zilizojengwa kwa Qt, badala ya kujifunga, hubisha hodi upya na kumweleza kwamba zina madirisha haya, ya ukubwa huu, yenye picha hii. Imefanya kazi, nimeijaribu kwa kumuua msimamizi kwa makusudi mara tatu mfululizo huku nikiandika. Tofauti na 1987 ni nani anayekumbuka. Zamani seva ilikumbuka kwa niaba ya wote, hata programu iliyoandikwa na mtu asiyewahi kufikiria kifo. Sasa kila programu lazima ifundishwe kujikumbuka yenyewe, na isiyofundishwa inaondoka na msimamizi.

Kwa hiyo mtu akinipigia kusema kingo za madirisha zimetoweka, au kioo kimerudi ghafla kwenye ukurasa wa kuingilia, siulizi kwanza kosa limeandikwa nini. Nauliza kikao chake ni cha X au cha Wayland, na kama ni Wayland, ni ya nani. Jibu lake ndilo linaloniambia kama niende mbio au niende taratibu.